Aliyeshika Kamba

Kuna mchoro wa twiga uliofanywa nchini China mwaka wa 1414, ambao nakala zake zipo hadi leo katika makumbusho ya Taipei na Philadelphia. Bila shaka umewahi kuuona mtandaoni. Twiga amesimama kwa ubavu, shingo imenyooka kama mlingoti wa jahazi, na madoa yake yamepangwa kama wavu. Juu yake kuna maandishi ya Kichina, mistari kwa mistari, yanayomwaga sifa. Na kando ya mnyama kuna jamaa mmoja, mdogo mno ukimlinganisha na twiga, ameshika kamba.

Mchoro huu hutolewa kila mara mtu anapotaka kuthibitisha kwamba Afrika na China hazikujuana jana. Watu wanautazama, wanashangaa kidogo, wanautuma kwa kikundi cha familia, maisha yanaendelea. Karibu kila mtu humtazama twiga, na nani atawalaumu? Twiga anapendeza. Lakini leo nataka tumtazame huyo wa kamba. Picha za zamani za wanyama zina tabia moja: mnyama anabaki, anayemshika anafifia, halafu siku moja anafutwa kabisa. Na akifutwa yeye, picha inaanza kutuambia kwamba mnyama alijileta mwenyewe.

Twiga wa Nanjing alijiletaje?

Alitoka Bengal, zawadi ya sultani wa huko kwa Kaizari Yongle wa nasaba ya Ming. Lakini Bengal haina twiga. Asia nzima haina twiga wa porini. Kwa hiyo kabla ya kuwa zawadi ya Bengal alikuwa amekwisha vuka Bahari Hindi kutoka upande wetu, na wanahistoria wengi wanamhusisha na Malindi. Mwaka uliofuata, 1415, Malindi haikungoja mtu wa kati. Wajumbe wake walifika China na twiga wao wenyewe, na Kaizari akatoka hadi kwenye lango la kasri kumpokea.

Shuleni tulifunzwa kwamba Malindi inaingia kwenye historia ya dunia mwaka wa 1498, pale Vasco da Gama alipotia nanga na kuondoka na rubani wa kumwonyesha njia ya India. Nguzo yake iko pale ufuoni, watu wanapiga selfi. Kumbe da Gama alipofika, ilikuwa imepita miaka 83 tangu watu wa Malindi wasimame mbele ya Kaizari wa China. Hakuna nguzo ya hilo.

Hebu wazia safari yenyewe. Twiga mzima hula takriban kilo 30 za majani kwa siku. Vyombo vya wakati huo vilikwenda kwa pepo za msimu: kaskazi ikikuleta kwetu, kusi ikikurudisha kaskazini. Ukipitwa na msimu, unakaa bandarini ukingoja miezi, na mnyama wako hangoji, anataka kula. Kuna mtu aliyekata majani hayo. Kuna mtu aliyepima maji ya kunywa, kata kwa kata, akijua kwamba mabaharia nao wana kiu. Kuna mtu aliyesimama naye usiku bahari ilipochafuka, akimwongelesha kwa lugha ambayo mnyama alikuwa ameizoea. Kazi hiyo huwezi kuifanya kwa kubahatisha. Ni lazima uwe umekulia karibu na wanyama, au uwe umefunzwa na aliyekulia karibu nao.

China nako, twiga alipewa maisha mapya. Wachina walikuwa na mnyama wa hadithi aitwaye qilin. Mwili wake ni kama wa paa, mkia kama wa ng'ombe, na ni mpole hata hakanyagi nyasi mbichi. Tena hajitokezi ovyo. Hutokea pale tu anapotawala mfalme mwenye hekima. Wasomali humwita twiga geri, na mtaalamu mmoja Mholanzi, J. J. L. Duyvendak, alipendekeza kwamba neno hilo masikioni mwa Wachina lilisikika karibu sana na qilin. Basi, mambo yakajipanga.

Yongle alihitaji dalili njema kuliko wafalme wengine. Kiti alikuwa amekinyakua mwaka wa 1402 kutoka kwa mtoto wa kaka yake, baada ya vita vya miaka mitatu. Mtu aliyeingia kwa mlango huo hulala vibaya. Sasa ghafla anatokea mnyama ambaye vitabu vinasema huja kwa wafalme halali peke yao. Maofisa wake wakaomba ruhusa ya kumwandikia waraka rasmi wa pongezi. Kumbukumbu za kasri zinasema alikataa kwa unyenyekevu, akawaambia washughulikie ustawi wa watu. Lakini mchoro ulichorwa hata hivyo, na Shen Du, bingwa wa mwandiko katika kasri, akaandika utungo wa sifa juu yake. Kiki haikukataliwa.

Kinachonishangaza ni usahihi wa mchoro wenyewe. Pembe fupi zilizofunikwa ngozi zipo. Mgongo unateremka kuelekea mkiani kama inavyopaswa. Mtu wa Samburu akiuona leo atajua mara moja huyu ni nani. Halafu juu ya usahihi huo wote likawekwa jina la kiumbe ambaye hajawahi kuwepo. Hadi leo Wajapani wanamwita twiga kirin.

Katika picha hiyo yote, mtu pekee aliyejua kwamba yule si qilin, ni twiga, mwenye njaa na matumbo na tabia zake, ni yule aliyeshika kamba.

Miaka 101 baadaye, Ulaya ilipata mnyama wake wa ajabu, na huko mambo yalikwenda kinyume. Nanjing walichora walichokiona wakakipa jina la uongo. Ulaya walikuwa na jina sahihi, wakachora wasichokiona.

Mnyama alikuwa kifaru wa India. Sultani Muzaffar Shah wa Pili wa Gujarat alimpa Afonso de Albuquerque, gavana wa Wareno katika India, naye akampeleka kwa Mfalme Manuel wa Ureno. Ni Manuel yule yule ambaye mwaka wa 1505 meli zake, chini ya Francisco de Almeida, ziliiteketeza Mombasa. Meli iliyombeba kifaru iliondoka Goa Januari 1515, ikapitia Msumbiji, ikazunguka ncha ya Afrika, ikafika Lisbon tarehe 20 Mei. Alisafiri na mtunzaji wake, Mhindi aitwaye Ocem. Ulaya haikuwa imeona kifaru hai kwa zaidi ya miaka elfu moja. Manuel akaamua kumpambanisha na tembo ili aone kama ni kweli, kama walivyoandika Warumi, kwamba wanyama hao ni maadui wa kuzaliwa. Tembo alimwona kifaru akakimbia.

Habari zikasafiri hadi Nuremberg, Ujerumani, zikamfikia Albrecht Dürer, mchoraji aliyekuwa na jina kubwa tayari. Dürer hakuwahi kumwona kifaru huyo. Alipata maelezo ya maandishi na mchoro wa haraka wa mtu mwingine. Ni kama wale wasanii wetu wanaochora ubavuni mwa matatu sura ya mwanamuziki wa Marekani ambaye hawajawahi kukutana naye, ila wao angalau wana picha kwenye simu. Dürer alijaza mapengo kwa akili yake. Ngozi ya kifaru akaifanya kama mavazi ya chuma ya askari, vipande kwa vipande, utadhani vimepigiliwa misumari. Miguu akaitia magamba. Na mgongoni, karibu na shingo, akaongeza pembe ndogo ya pili ambayo hakuna kifaru yeyote duniani aliye nayo.

Kisha mchoro ukachongwa kwenye ubao, ukapakwa wino, ukapigwa chapa kwenye karatasi. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mchoro wa Nanjing ulikuwa mali ya kasri. Huu wa Dürer uliuzwa kwa watu wa kawaida, maelfu ya nakala. Ubao uliendelea kutumika hata baada ya kifo chake mwaka wa 1528, hadi chapa za mwisho zinaonyesha nyufa na vitundu vya wadudu waliokuwa wakiula mti. Conrad Gessner, msomi wa Uswisi, aliuingiza kwenye kitabu chake kikubwa cha wanyama kilichoanza kutoka mwaka wa 1551. Wengine wakamwiga Gessner. Kwa zaidi ya miaka 200, ukimwomba Mzungu msomi akuchoree kifaru, angekuchorea wa Dürer, pembe ya mgongoni ikiwemo. Picha hiyo ilianza kupoteza nguvu katikati ya karne ya 18, pale kifaru jike aitwaye Clara, aliyefika Ulaya mwaka wa 1741, alipozungushwa miji mingi na wachoraji kama Jean-Baptiste Oudry wa Paris na Pietro Longhi wa Venice wakamchora mbele ya macho yao.

Watu wakisimulia kisa hiki huishia hapo: tazama jinsi kosa moja lilivyoenea. Lakini kuna kipande kinachorukwa.

Mwaka ule ule wa 1515, katika mji wa Augsburg, mchoraji mwingine aitwaye Hans Burgkmair naye alichora kifaru yule yule kwa njia hiyo hiyo ya ubao na wino. Kifaru wake anakaribia ukweli zaidi. Hana mavazi ya chuma wala pembe ya mgongoni. Anaonekana mnyama, mzito, mchovu kidogo. Na miguu yake ya mbele imefungwa.

Rudi sasa kwa Dürer. Kifaru wake yuko huru kabisa. Hana kamba wala mnyororo, na hakuna mtu kando yake. Amesimama peke yake kwenye kiwanja kitupu kama jemadari. Maandishi yaliyo juu ya picha yanaeleza jinsi alivyo hodari na anavyomtisha tembo. Kati ya picha hizi mbili, watu walimpenda jemadari. Mchoro wa Burgkmair umebaki nakala moja tu, Vienna.

Na pingu zile hazikuwa jambo dogo. Mwisho wa 1515 Manuel aliamua kumtuma kifaru Roma, zawadi kwa Papa Leo wa Kumi. Mapema 1516 meli ilipigwa na dhoruba karibu na pwani ya Liguria, Italia, ikazama. Vifaru wa India ni waogeleaji wazuri. Huyu alikuwa amefungwa minyororo kwenye meli, akazama nayo. Kwa hiyo kitu ambacho Dürer hakukichora ndicho kilichomuua mnyama.

Ndiyo maana nasema tuangalie kamba. Kwa mchoraji ni mstari mmoja tu, unauweka au unauacha. Kwa anayetazama, mstari huo unabadilisha kila kitu. Ukiwepo, picha inasema: huyu mnyama alikamatwa mahali fulani, na watu fulani, kwa ajili ya mtu fulani. Usipokuwepo, picha inasema tu: tazama maajabu.

Turudi kwa twiga. Mwaka wa 1827 Ulaya ilipata wazimu wa twiga. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alituma mmoja kwa mfalme wa Ufaransa na mwingine kwa mfalme wa Uingereza. Wote walikamatwa Sudan wakiwa wachanga. Yule wa Ufaransa alishushwa Marseille, kisha akatembea kwa miguu hadi Paris, karibu kilomita 900, mwanasayansi Étienne Geoffroy Saint-Hilaire akiandamana naye. Paris ilichizi. Wanawake walisuka nywele zikapanda juu kumuiga, na sura yake ikachapwa kwenye sahani na vitambaa.

Alikuwa na mtunzaji kutoka Sudan, Atir. Msafara ulipokwisha, Atir hakurudi nyumbani. Alibaki Paris, akilala katika banda moja na twiga, akipanda ngazi kila siku kumsugua shingo. Msanii Nicolas Huet, aliyewachorea wanasayansi wa Paris, alimchora twiga huyo pamoja na mtunzaji wake. Na jina la Atir tunalijua. Kati ya watu wote walioshika kamba katika karne hizi, ni mmoja wa wachache ambao mtu aliona umuhimu wa kuwauliza, jina lako nani?

Yule wa Uingereza alichorwa na Jacques-Laurent Agasse, Mswisi aliyeishi London. Kwa mtazamo wa kwanza ni picha ya utulivu: twiga ameinamisha shingo kufuata bakuli la maziwa, watunzaji wawili Waarabu wako karibu naye, pamoja na mfanyabiashara wa wanyama Edward Cross aliyevaa kizungu. Kwa nyuma wako ng'ombe waliosafirishwa naye kutoka Misri ili apate maziwa njiani. Agasse hakumficha mtu. Alichora mfumo mzima wa kumweka hai mnyama mmoja mbali na kwao. Ila kuna kitu brashi haikuweza kukionyesha vizuri: miguu ya twiga huyo ilikuwa imeharibika, kwa kuwa alipokamatwa alifungwa kwa kamba akabebwa juu ya ngamia. Hakuchukua muda. Alikufa mwaka wa 1829, na ngozi yake ikapewa John Gould, yule atakayepata sifa baadaye kwa vitabu vya ndege, aikaushe na kuijaza.

Baada ya hapo, katika vitabu vya elimu ya viumbe, watunzaji wanazidi kuwa adimu. Kuna sababu za maana za jambo hilo. Mwanasayansi anataka kuona umbo la kwato na idadi ya meno, na mtu aliyesimama kando anamvuruga. Karatasi ikaachwa nyeupe, mnyama akaelea katikati, chini jina la Kilatini. Michoro hiyo ilisaidia elimu sana, na mingine ni mizuri mpaka inauma. Lakini tazama pia kilichofanyika. Mnyama alipatikana kwa sababu mtu wa hapo alijua anakunywa maji wapi, anapita njia gani, na anaitwaje. Mtu huyo akampa mgeni maarifa yake yote. Karatasi ilipochapwa, maarifa yakabaki, mwenyewe hayupo. Na ukitazama kurasa kama hizo mia mbili mfululizo, unaanza kuamini bila mtu kukwambia kwamba nchi walikotoka wanyama hao haikuwa na watu.

Imani hiyo haijafa. Fungua tangazo lolote la safari za Kenya. Nyika, mti mmoja wa mgunga, jua linazama, twiga. Hakuna binadamu hadi upeo wa macho, na akiwepo, ni wa mapambo, mkuki mkononi, kivuli tu dhidi ya jua. Au ile picha tunayoipenda sisi wa Nairobi, twiga mbele ya maghorofa ya jiji. Kamera ikisogea kidogo upande, ingenasa daraja la reli ya SGR linalokatiza mbugani, na askari wa wanyamapori ambaye hajalala. Haisogei. Watu wa nje wanatuuliza kama tunaishi na simba, sisi tunacheka. Lakini wameona nini maisha yao yote kama si kurasa zile zile nyeupe, safari hii kwa rangi?

Kuna gharama halisi hapa. Mara nyingi mfugaji anapoambiwa ahame kwa sababu eneo ni la wanyama, kichwani mwa anayeamua kuna picha, na katika picha hiyo mfugaji hakuwemo tangu mwanzo. Ni rahisi sana kumwondoa mtu ambaye ulishamwona hayupo.

Kwa hiyo ukikutana tena na mchoro wa 1414, usipite haraka. Tazama jinsi kamba inavyotoka kwa mnyama ikashuka hadi mkononi mwa yule jamaa. Kaizari alipata dalili yake njema. Shen Du alipata sifa, na jina lake tunalitaja hadi leo. Twiga alipata jina la mnyama wa mbinguni. Jamaa hakupewa hata herufi moja katika maandishi yote yale. Lakini mchoraji wa Nanjing, pamoja na uongo wote alioagizwa kuuchora, hakumtoa. Alimwacha pale pale, kamba mkononi, na miaka 600 baadaye bado ameishika.